Shuka Lisilofuliwa

Kaeni vizuri, na ninyi mlio karibu na mlango ufungeni, baridi inatuingilia. Leo nawaletea mbwa kanisani. Usimgeukie mwenzako kumuuliza, umesikia sawasawa. Nimesema mbwa.

Kulikuwa na mama mmoja, mkunga mstaafu, katika mji mdogo wa nyanda za juu, mji wa masweta kama huu wetu. Alikuwa amezalisha watoto wa mji ule kwa miaka thelathini na moja. Hata kina baba wenye vitambi na vyeo walipokutana naye sokoni walikuwa wapole ghafla, maana yeye ndiye mtu wa kwanza kuwaona duniani, na aliwaona bila suruali. Alipostaafu watu walidhani atafuga kuku. Akafuga mbwa. Tena si hawa wetu wanaolala nje na kusubiri makombo. Alikuwa na mbwa jike mmoja wa aina ya Labrado, rangi ya mchanga, masikio yamelala, akiitwa Tangawizi. Hao ni mbwa wapole kupita kiasi. Ukimweka mmoja alinde nyumba, atampokea mwizi na kumwonyesha jiko lilipo. Lakini kwa mtoto, kwa mgonjwa, kwa mtu aliyebaki peke yake, mama yule alisema hajaona mnyama anayemfikia.

Mwaka ule Tangawizi akazaa watoto wanane. Mama akawa mkunga tena. Alikesha naye, akawafuta mmoja mmoja kwa taulo, akawapima kwenye mizani ya jikoni, kisha akamfunga kila mmoja uzi wa sufu shingoni, rangi yake peke yake, ili asiwachanganye. Aliwatengenezea boksi kubwa la mbao lililojaa maranda. Walipofungua macho akaanza kuwazoesha dunia: leo anadondosha sufuria, kesho anafungua mwavuli mbele yao, keshokutwa anawawekea redio. Wiki ya nne wakaanza uji wa maziwa, na walikuwa wakiula wakiwa wamesimama ndani ya sahani. Mwoga kuliko wote alikuwa jike mweusi wa uzi wa zambarau. Sufuria ikidondoka wenzake walikwenda kuinusa. Yeye alikwenda kujificha nyuma ya mama yake.

Ulikuwa uzao wa mwisho. Tangawizi alikuwa anazeeka, na mama alikwisha kusema hatazalishwa tena. Kwa hiyo watu walikuja kwa haraka, na kila mmoja na lake. Huyu anataka mweusi, yule anataka mkubwa kuliko wote. Bwana mmoja alitaka anayefanana na rangi ya makochi yake. Mama aliwajibu wote kwamba pale kwake hakuna anayechagua kwa macho. Aliwakalisha, akawapa chai, akawauliza maswali. Nyumbani mko wangapi, nani anaamka wa kwanza, nani anapiga kelele, nani analia. Alisema yeye haangalii mbwa gani ni mzuri, anaangalia mbwa gani ni wa nani.

Miongoni mwao alikuwamo dobi wa mji. Mnamjua mtu wa namna hiyo, shati jeupe saa zote, mkunjo wa suruali ungeweza kukatia mkate. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na stendi, na kanzu za kwaya, na nguo za maharusi. Mkewe alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi miwili nyuma. Alikuja na binti yake wa miaka kumi. Binti alimwamkia mama shikamoo kwa sauti ya chini, akakaa, na kikombe chake cha chai hakukigusa mpaka kikapoa.

Dobi alieleza kwamba tangu msiba mtoto amejifungia. Binamu zake wakimwalika kulala kwao anakataa. Shule imeandaa safari ya siku mbili, amesema haendi. Hana rafiki anayekuja nyumbani. Mwalimu wake ndiye aliyesema labda mbwa angemsaidia. Mama akamuuliza, kama alivyowauliza wengine, kama kuna jambo lolote ndani ya nyumba ambalo mtoto wa mbwa atalikuta. Dobi akasema hakuna, mama, sisi tuko salama.

Wapendwa, hawakuwa salama. Tangu mama yake azikwe, binti yule alikuwa akikojoa kitandani, na hakuna aliyejua isipokuwa wao wawili. Kila alfajiri dobi aliliondoa shuka lile, akalitundika nyuma ya nyumba, nyuma ya matanki ya maji, mahali ambapo majirani hawafiki, na akalifua mwenyewe usiku baada ya kazi. Mtu anayeng'arisha mashuka ya mji mzima alikuwa na shuka moja analolificha. Fikiria uchungu wake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anamlinda mwanawe. Lakini mtoto akifichwa sana, mwisho anaanza kuamini kwamba yeye ndiye kitu kinachofichwa.

Basi mama mkunga akawaomba wote kitu kimoja. Kila familia ilete kitu cha kitandani, shuka au foronya au kanga, ambacho mwenye kumpokea mbwa amekilalia wiki nzima, na kisifuliwe. Akawaeleza sababu. Mtoto wa mbwa anaijua dunia kwa pua kabla ya macho. Atawawekea vitambaa vile ndani ya boksi, aone nani anakwenda kulalia kipi, na harufu ya nyumba ikishamwingia, siku atakapofika huko hatalia usiku kucha. Atajua kwamba amefika kwao.

Sasa niwaulize akina mama mlioko hapa. Nani kati yenu anaweza kupeleka shuka chafu nyumbani kwa mtu? Mnacheka. Sisi tumelelewa kwamba ukiazimwa sahani unairudisha imeoshwa, tena ikiwezekana na kitu ndani. Watu wale walikuwa watu wetu. Walisikia maneno ya mama kwa masikio yao mawili, wakarudi nyumbani, wakafua. Vikaja vitambaa vinane vinanukia sabuni. Foronya moja ilikuwa imepuliziwa marashi. Shuka la dobi, hilo hata sisemi, lilitiwa buluu na wanga, likakunjwa mara nne, mtu ungeogopa kulikunjua. Watoto wa mbwa walivivuta, wakavitafuna pembe, wakavichoka, wakarudi kulala kwenye maranda.

Mama akavirudisha vyote na ujumbe mmoja. Asanteni kwa usafi, nami sabuni ninayo, nileteeni nilichoomba.

Wiki ya pili wakaleta. Walileta kwa aibu, mifuko imefungwa mafundo, wengine walitumia mlango wa uani. Mama alivitandika ndani ya boksi, na mambo yakaanza kubadilika. Yule wa uzi mwekundu akalala kwenye kanga ya bibi mmoja aliyeishi na wajukuu watano, kumbe alipenda fujo. Mwingine akaganda kwenye blanketi la kijana aliyevunjika mguu. Na yule mwoga wa uzi wa zambarau akaingia ndani ya shuka la dobi, akajizungusha mara tatu, akalala. Kila siku alilala pale pale. Mama akafurahi sana, akatuma ujumbe kwamba mbwa wa binti amepatikana, waje Jumamosi.

Jumamosi wakaja. Binti alivaa gauni lake la Sikukuu. Akapiga magoti kando ya boksi na kunyoosha mikono. Yule wa uzi wa zambarau akamsogelea, akainusa mikono ile, hii, kisha hii. Akampita. Akaenda kujibanza nyuma ya Tangawizi kama anavyofanya sufuria ikidondoka. Binti akajaribu tena, na tena, na kila mara mbwa yule alimkimbia. Mwishowe binti akairudisha mikono yake mapajani. Hakulia. Alisema polepole, "Hata huyu."

Mama alikuwa hajawahi kuona jambo kama lile. Akalichukua shuka, akalinusa mwenyewe, mkunga hana kinyaa. Akamgeukia dobi akamuuliza ni nani aliyelilalia. Dobi akaangalia viatu vyake, na viatu vilikuwa vinang'aa.

Lilikuwa shuka la nyumba ya wageni. Alipoambiwa alete kisichofuliwa, aliogopa kuleta la binti yake, akaingiza mkono kwenye furushi la kazi na kuchomoa la msafiri fulani asiyemjua. Alitii, mnaona? Aliombwa uchafu, akaleta uchafu. Ila ulikuwa wa mtu mwingine.

Mama akakaa chini. Hakumfokea. Alimwambia, "Baba, wiki nzima nimekuwa nikimfundisha mnyama huyu kumpenda mtu ambaye hatamkuta. Atafika kwenu, atamtafuta, hatamwona. Kwa hali hii siwezi kumtoa. Na wengine wote wamepata watu wao."

Dobi akarudi kuangalia viatu vyake, mtu mzima aliyekamatwa mbele ya mwanawe. Ndipo binti akasema, bila kumwangalia baba yake, "Bibi, la kwangu liko nyuma ya matanki. Baba analianika pale ili watu wasinicheke."

Dobi akafunika uso. Akasema kutoka nyuma ya viganja vyake, "Mama, nitakuleteaje aibu yetu nyumbani kwako?"

"Mimi nimekuwa mkunga miaka thelathini na moja," mama akamjibu. "Kalilete kama lilivyo."

Akaenda. Alilileta ndani ya mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na njiani alipita vichochoro asikutane na wateja wake. Mama akaifungua mifuko yote mitatu. Hakukunja pua, hakufungua dirisha. Alilitandaza kwenye boksi kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akitandika kitanda cha wodini kwa mama aliyekuwa karibu kujifungua. Akawaambia warudi Jumanne, na binti asiogope kutumaini.

Jumanne waliporudi, boksi lilikuwa na watoto wanne tu, wengine walikwisha kwenda kwao. Binti alisimama mbali mlangoni, hakuthubutu kupiga magoti. Yule wa uzi wa zambarau alikuwa amelala ndani ya shuka, pua tu inaonekana. Pua ikasogea. Kichwa kikainuka. Akatoka, akiburuta pembe ya shuka mguuni, akaivuka sakafu yote peke yake, yule mwoga, akafika miguuni kwa binti na kuanza kulia kama wanavyolia wanapomwona mama yao. Binti akaketi chini palepale mlangoni na gauni lake. Mbwa akaingia mapajani, akajizungusha mara tatu.

Baba yake alilia, wapendwa. Mimi ningelia.

Wakati wa kuondoka mama akampa binti maagizo. Atamlisha mara nne kwa siku. Kila usiku saa nane mtoto huyu wa mbwa ataamka kutaka kujisaidia, naye amtoe nje, akikawia atalowesha. Binti akafikiri kidogo, kisha akauliza kama wanaweza kwenda wote wawili. Mama akasema hiyo ndiyo njia bora. Na kile kikombe cha chai alichopewa siku ile, alikinywa chote.

Sitawadanganya kwamba shuka lilikauka usiku ule. Ilichukua muda, kulikuwa na usiku mzuri na usiku mbaya. Lakini waliamka wawili saa nane, wakatoka wawili, wakarudi wawili, na ilipofika msimu wa mahindi ya kuchoma binti alikwenda kulala kwa binamu zake, yeye na mbwa wake. Shuka lake, siku lilipohitaji kuanikwa, lilianikwa mbele ya nyumba pamoja na mashuka ya nyumba ya wageni.

Ila nimeruka jambo moja, na nimeliruka kusudi. Jumanne ile, binti akiwa ameshatoka na mbwa wake mikononi, dobi alibaki mlangoni. Alimuuliza mama kama hakuwahi kushuku lolote. Mama akamjibu, "La kitanda nilijua tangu siku ya kwanza, ila shuka la mgeni lilinipita. Mtoto wa miaka kumi anayeogopa kikombe cha chai, mkunga ataambiwa nini zaidi?"

Dobi akashangaa. Kama alijua, kwa nini hakusema mapema? Kwa nini alimwacha ahangaike na mashuka ya watu?

Mama akamwambia, "Ningelifuata mwenyewe kule nyuma ya matanki, ningekuwa nimekuumbua. Nilitaka uje nalo wewe."

Sasa fungeni mifuko ya karanga huko nyuma, nakuja kwetu.

Sisi tunaamka Jumapili, tunaoga, tunapiga pasi, tunakuja hapa. Si vibaya, kaeni wasafi, mzee wa kanisa atanishukuru. Lakini na sala zetu je? Sikiliza tunavyoomba. Maneno yametiwa wanga. Mkunjo umenyooka. Tunamwambia Mungu, sisi tuko salama. Halafu tunashangaa kwamba tunatoka humu kama tulivyoingia, hakuna kilichotugusa, hakuna kilichotusogelea. Kitatusogelea vipi, wakati hakijakutana na kitu chochote kilicho chetu?

Na wengine tumeendelea zaidi, tumefika darasa la dobi. Tumesikia kwamba Mungu anataka ukweli, anataka toba, basi tunaingiza mkono kwenye furushi na kuchomoa shuka la mwenzetu. Ee Bwana, wasamehe vijana wa siku hizi. Ee Bwana, mguse jirani yangu, wewe mwenyewe unajua anavyokunywa. Ee Bwana, wakumbuke wale wa kwaya wanaogombana. Tunaungama vizuri, tena kwa machozi, dhambi za watu wengine. Mama mmoja hapa ameinama, namwona, usiogope mama, sikukusudia wewe.

Utaniuliza, mchungaji, si Mungu anajua yote? Shuka langu analiona lilipo, sasa haja gani kumpelekea? Ndiyo, anajua. Alijua tangu kikombe cha kwanza. Anaweza kulifuata nyuma ya matanki wakati wowote. Hajalifuata kwa sababu hataki kukuumbua. Anakungoja uje nalo mwenyewe, hata kama ni katika mifuko mitatu, hata kama umepita vichochoro. Na akiifungua hakunji pua.

Ningeishia hapo, na ingekuwa mahubiri safi. Ndiyo shida yenyewe.

Jumapili iliyopita niliomba mbele yenu kwa dakika kumi na mbili. Watu walinipa mkono pale mlangoni, wakaniambia mchungaji leo umeomba. Niliombea mvua, nikaombea viongozi, nikaombea wagonjwa wodi kwa wodi, nikaombea ndoa zenu. Nina ndugu mmoja, tumetoka tumbo moja. Sijasema naye neno tangu siku tulipomzika baba yetu, miaka minne sasa, kwa jambo ambalo nikiwaeleza mtaona ni dogo na mimi ndiye niliyekosea. Katika dakika zile kumi na mbili jina lake halikutoka mdomoni mwangu. Miaka minne nimewaletea mashuka ya wageni kutoka hapa mbele, yaliyofuliwa na yasiyofuliwa, na langu liko nyuma ya matanki.

Leo sitaomba kwa sauti. Tutanyamaza wote, dakika chache, mpaka mtoto wa mtu alie. Usitafute maneno mazuri. Mimi nitaanza na jina la ndugu yangu, na tukitoka hapa nitampigia simu kabla sijala. Wewe unajua utaanza na nini.

Inamisheni vichwa. Usilifue kwanza, lilete.